Mrija wa Edson Uliosimamisha Harusi Samuye

Valerian Maige,
Karani Mstaafu wa Pamba,
Kijiji cha Samuye,
Shinyanga.

Kwa Mkuu wa Marubani,
Kampuni ya Picha za Ramani kutoka Angani,
Ibadakuli.

YAH: OMBI LA KUBADILISHA KIFAA CHA KUPUMULIA CHA RUBANI EDSON KABLA HAKIJAVUNJA NDOA

Ndugu Mkuu wa Marubani,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi nimekuzidi, marahaba. Kichwa cha habari hapo juu kinakuhusu wewe, kinanihusu mimi, na kinawahusu ng'ombe kumi na wanane ambao wazee wa pande zote mbili walishawakubali, na sasa wamerudishwa zizini bila maelezo.

Mimi ni mjomba wa Edson, rubani wako wa ile ndege ndogo nyeupe inayopiga picha za maeneo ya wachimbaji kuanzia huku hadi Geita. Ndimi pia mshenga wake. Nimekuwa mshenga wa ndoa kumi na nne na hakuna iliyovunjika, isipokuwa moja, na hiyo ilivunjwa na ukame. Ya kumi na tano ni ya Edson na Salome, binti wa Mzee Mihayo wa hapa Samuye. Salome ana duka la vitenge kule Nyasubi, Kahama, na anampenda Edson mpaka anakosea kupima kitambaa. Harusi ilikuwa ifungwe Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Imesimamishwa na mrija wenu wa plastiki, na malalamiko yangu ni haya:

1. Picha. Tarehe nne mwezi huu, akiwa angani kwenye futi elfu kumi na sita, Edson alijipiga picha. Kajikunyata ndani ya koti kwa baridi, macho mekundu, midomo imepauka, na puani ameingizwa mrija wenye matundu mawili. Chini yake akaandika: "Huku juu karibu na Mungu. Niombeeni." Akamtumia Salome, na Salome kwa furaha akaitupa kwenye kundi la ukoo. Mwenzangu, wewe umezoea angani. Huku chini tuliisoma kama ilivyoandikwa. Kabla ya saa kumi jioni kwaya ilikuwa imeshafika kwa mama yake Edson na madebe mawili ya sembe ya msiba, na mama wa watu alikuwa anafua. Walimkuta anaimba, wakadhani amechanganyikiwa kwa uchungu.

2. Maana ya mrija. Pengine kwenu ni kifaa cha kazi. Katika ukanda huu wa dhahabu mrija wa puani una maana moja tu, kwamba vumbi la mawe limemaliza mapafu ya mtu na ndugu waanze kuitana. Mzee Mihayo alichimba kule Geita miaka kumi na tisa, ndani ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kwenye makarasha ya kusagia mawe. Amezika kaka zake wawili, na wote wawili walikwenda na mrija puani. Kwa hiyo mkewe, Mama Salome, aliponipigia simu hakunisalimia. Alisema, "Karani, mmetuletea mgonjwa." Kisha Mzee akachukua simu akasema, "Simwozeshi binti yangu mtu wa mrija. Nimeshazika wa kunitosha." Akakata simu, na mshenga kukatiwa simu ni jambo la kuandikiwa barua.

3. Maelezo ya Edson, ambayo yalizidisha moto. Alikuja mwenyewe akawaeleza wakwe kwamba kule juu hewa ni nyepesi, na rubani asipoongezewa oksijeni akili inalegea polepole huku yeye mwenyewe anajiona mzima na mwenye furaha. Mzee akauliza, kama hewa ya kutosha hakuna, mtu mwenye akili anafuata nini huko? Akaongeza kwamba korongo hupita juu kabisa na hajaona hata mmoja mwenye mtungi wa hewa. Nilimtazama nikaona kijana anakaribia kulia, na hapo nikaamua kuandika.

4. Ombi la barakoa. Nimemhoji Edson juu ya vifaa vilivyopo sokoni, nikavipanga madaraja kama nilivyopanga pamba kwa miaka thelathini na moja. Upo mrija wa kawaida. Upo mrija wenye kifuko chini ya pua, wa kubana matumizi ya mtungi, ambao kwa mbali unafanana na masharubu. Huo ni ugonjwa uleule uliovaa masharubu. Halafu ipo barakoa ya kufunika pua na mdomo, yenye kipaza sauti ndani cha kuongelea redioni. Hiyo ni daraja A. Mtu akiivaa anaonekana askari, na hakuna mkwe anayemkataa askari. Naomba Edson apewe barakoa mara moja.

Hapa lazima niwe mkweli. Edson anasema barakoa haikai vizuri juu ya ndevu, oksijeni inavuja pembeni, kwa hiyo itabidi anyoe. Ndugu, ndevu zile ndizo zilizotupitisha. Edson ana uso wa mtoto wa darasa la saba. Siku ya kwanza tulipokwenda kujitambulisha, shangazi yake Salome alizitazama zile ndevu kwa muda mrefu ndipo akakubali kwamba tumeleta mwanaume. Tukimrudisha amenyolewa watasema tumeleta mdogo wake. Naomba basi kampuni itafute barakoa yenye nafasi ya ndevu, au ndevu za kuvaa akishatua.

5. Kimo cha ndege. Edson amenidokeza kwamba kwa kanuni zenu mrija unaruhusiwa mpaka futi elfu kumi na nane, na kupanda zaidi ya hapo ni barakoa kwa kila mtu, hakuna mjadala. Ninyi mnaruka elfu kumi na sita. Zimebaki elfu mbili tu. Ukoo wetu haujawahi kukuomba kitu. Pandisha hiyo ndege kidogo, sheria imlazimishe, na mimi niwaambie wakwe kwamba hata serikali imekataa mrija. Kama kupandisha kuna ugumu, basi shusheni. Pigeni picha mkiwa chini ambako mtu anapumua mwenyewe, na kama eneo la wachimbaji halitaenea kwenye picha moja, pigeni vipande vipande. Salome ana cherehani.

6. Kifaa cha kidole. Juma lililopita Edson alimtuma bodaboda alete Samuye kile kidubwana mnachokibana kwenye kidole mkiwa angani, kinachotoa namba ya oksijeni iliyomo mwilini. Alikuwa ameshajipima mbele yangu, akapata tisini na saba kwa mia, yaani mzima kabisa, akataka wakwe waone. Badala yake waliona dharau. Mtu ameitwa mgonjwa, naye anawaletea wenzake kipimo! Kidubwana kiko juu ya kabati la Mama Salome, kimefunikwa kitambaa kama picha ya marehemu. Naomba mtume mtu akichukue.

7. Iwapo hayo yote yatashindikana, nina pendekezo la mwisho, na nimelifikiria usiku na mchana. Njoo mwenyewe Samuye, ukiwa umevaa mrija puani. Nasikia una kitambi cha heshima, usikifiche. Njoo na marubani wote, mafundi wa ndege, mhasibu na mama anayewapikia, kila mmoja na mrija wake, na mle ugali mbele ya Mzee Mihayo mpaka muongezewe. Mrija ukivaliwa na mtu mmoja ni ugonjwa. Ukivaliwa na watu kumi ni sare, na sisi huku tunaheshimu sana sare.

Naomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Vijana hawa wawili wanapendana kweli, na Salome amefunga duka siku nne sasa, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua malaria. Mimi ni mzee, nimeshaona mengi yakivunjika kwa sababu ndogo. Hili linaniuma.

Wasalimie marubani wenzako, mafundi, walinzi wa getini, na yule dada wa ofisini aliyenikaribisha kiti. Ndege nayo isalimie; yenyewe haina kosa. Wabeja sana, ndiyo asante yetu ya huku.

Wako katika hewa hii hii ya chini,

Valerian Maige
Mshenga

Nyongeza, siku tano baadaye:

Barua hii ilichelewa kwa kusubiri muhuri wa mtendaji wa kijiji, ambaye alikuwa msibani. Tafadhali usiifanyie kazi hata namba moja.

Siku ya Jumapili nilikwenda kwa Mzee Mihayo kukichukua kile kidubwana, kwa kuwa niliona ninyi hamtakuja. Mzee akakifunua, akasema kabla hakijaondoka tukiumbue. Akaanza na mkewe: tisini na sita. Akanipima mimi: tisini na tano. Akajipima yeye: themanini na tatu. Akasema kimeharibika. Akabadilisha kidole, akabadilisha mkono, akausugua mpaka ukapata moto: themanini na tatu. Akakirudisha kwenye kidole changu, na mimi nikawa tisini na tano vilevile, nikaona aibu kama mwizi.

Akakivua kidoleni mwangu. Kisha akasema, "Karani, mwaka wa pili huu nalala nimekaa. Huyu mama nimemwambia ni mgongo." Mama Salome akaanza kulia. Mzee akasema, "Nilidhani nikimfukuza kijana, na mrija umeondoka naye."

Aliyetupeleka hospitali mjini ni Edson, kwa gari aliloazima. Madaktari wakampa Mzee mrija uleule, matundu mawili, hata rangi ni moja. Usiku huo alilala chali mpaka asubuhi. Kesho yake nilimkuta Edson kando ya kitanda cha Mzee akimwonyesha namna ya kuupitisha juu ya masikio usimchubue, na kuweka pamba chini yake. Pamba niliitafuta mimi. Daraja A.

Harusi imerudi kwenye Jumamosi yake, na ng'ombe wametolewa tena, wakishangaa tena. Limebaki jambo moja. Daktari anasema Mzee atarudi nyumbani na mrija, na Mzee anasema hawezi kukaa mbele ya wageni mia tatu akiwa peke yake na kitu kile puani. Yuko tayari asimwone binti yake akiolewa. Anasema hivyo akitazama ukutani.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umruhusu Edson aje kuoa akiwa amevaa mrija wake. Nawe ukija, njoo na wako. Najua huku chini hewa ipo ya kutosha. Mpe Edson mtungi hivyohivyo.

V.M.