Ua wa Mama Ndani ya Miwani

Jumatatu, 6 Mei

Mama amefika. Kwa siku sita tu, kasema Dada kwenye simu, mpaka rangi ya chumba alichomwandalia ikauke. Jumamosi saa kumi atakuja kumchukua moja kwa moja. Moja kwa moja! Kana kwamba kwangu ni stendi.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu: nataka Mama akae kwangu. Najua, Dada ni kifungua mimba, ni mwalimu mkuu, ana nyumba ya chini yenye ua na bomba lake. Mimi ni kitinda mimba, fundi wa simu, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Lakini aliyekuwa akilala chini ya meza ya pasi mpaka akaanza shule ni mimi. Mama juu anapiga pasi mashuka ya watu, mimi chini, joto linanishukia. Sijawahi kulala vizuri namna ile tena.

Tatizo: Mama hasemi. Miaka thelathini na nne alikuwa dobi, ua mzima wa kamba na makarai, na tangu ua uuzwe anajibu ndiyo na hapana. Begi lake hajalifungua. Liko miguuni pa kitanda, zipu imefungwa hadi mwisho. Mke wangu anasema tumpe muda. Muda upi? Siku sita!

Jumanne, 7 Mei

Bahati imenidondokea mezani. Dalali wa nyumba kaniletea miwani yake ya uhalisia pepe, ile kubwa inayofunika nusu ya uso. Haikai na chaji. Huitumia kuwaonyesha wateja nyumba bila kuwatembeza juani. Akanieleza inavyofanya kazi, kwa maringo, utadhani kaibuni yeye. Kila jicho linapewa picha yake, zinatofautiana kidogo tu, ubongo unaziunganisha na kuona umbali. Ukigeuza shingo, picha inageuka nawe. Sauti ya kushoto inakujia kushoto. Ubongo wa binadamu, kasema, ni mwepesi kudanganywa kuliko mteja yeyote aliyewahi kukutana naye.

Nikamwuliza ni nyumba zipi zimo. Akazitaja. Ya nne ilikuwa ua wa Mama! Ndiye aliyeuuza, na alirekodi video ya pande zote siku ya mwisho ya Mama kufua, kabla kamba hazijakatwa. Nikajikaza kisabuni, uso usionyeshe kitu. Nikamwambia hii kazi ni ngumu, vipuri havipatikani, arudi Jumapili. Kazi yenyewe imenichukua dakika kumi na moja.

Nimeijaribu nyumbani Mama akiwa amelala mchana. Ua ule ule! Kamba sita, karai la bati lenye kiraka, mashuka yanapepea. Nikainama kuokota kibanio kilichoanguka. Paji la uso likakutana na kabati la vyombo. Vikombe viwili, marehemu. Kisha kichefuchefu: macho yanasema nimesimama palepale, miguu inasema natembea, tumbo likakataa kuamua ugomvi wao. Mke wangu alinikuta sakafuni nimekumbatia mguu wa meza. Hakuuliza hata imetokea nini. Alisema tu kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Jumatano, 8 Mei

Jaribio la kwanza. Mama aliuliza kwa nini anavishwa ndoo usoni. Nikamwambia atulie. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Nikasimama mbele yake na leso mkononi, nasubiri machozi ya furaha.

Akasema hapanuki.

Basi. Ua haunuki, jua halichomi, shuka linapepea na upepo haupo. Akanyoosha mkono alishike, akashika pua ya mke wangu aliyekuwa anapita na sufuria. Akavua miwani, akasema ahsante mwanangu, picha nzuri. Akarudi chumbani, akaketi, akapangusa vumbi juu ya begi.

Inauma kumwona vile. Mikono yake ndiyo inayonitesa zaidi. Imelala mapajani kama ya mgeni.

Lakini sikati tamaa! Nimegundua kosa, nalo si langu. Kifaa hiki kinadanganya macho na masikio tu. Hisi mbili kati ya tano! Zilizobaki nitazitengeneza mwenyewe.

Dada kapiga simu. Rangi imekauka. Kanunua mashine ya kufulia, ili Mama asiguse maji tena maisha yake yote. Kaitaja mara tatu.

Alhamisi, 9 Mei

Leo: pua.

Nimenunua miche miwili ya sabuni ya kufulia, nikaikwangua, nikaichemsha. Povu likapanda sufuria, likashuka sufuria, likazima jiko. Harufu barabara! Ila udobi hauna harufu moja. Kuna na ile ya pasi ya moto juu ya pamba mbichi, ambayo ndiyo harufu ya utoto wangu wote. Kitambaa cha pamba kilichokuwa karibu ni kilemba cha mke wangu. Nikakinyunyizia maji. Nikaweka pasi. Nikafumba macho nivute harufu vizuri. Nikavuta sana.

Sasa kilemba kina tundu lenye umbo la pasi. Mke wangu alipitisha mkono mzima kwenye tundu, akanipungia kwa upande wa pili. Akasema nimshukuru Mungu kwamba Mama yuko chumba cha pili na kuta ni nyembamba.

Ijumaa, 10 Mei

Leo: ngozi.

Nimefunga kamba kutoka mlangoni hadi dirishani, nikaanika shuka lililolowa, nikawasha feni. Likapepea vizuri ajabu, nikaona raha. Miwani nimeivaa mara tano kulinganisha upepo wa feni na upepo wa kwenye video. Maji yakachuruzika sakafuni. Sikuyajali. Baada ya muda kinyozi wa ghorofa ya pili akapanda ngazi na mwavuli aliokwisha kuufungua. Kwa adabu zote akaniarifu kwamba kwake mvua imeanza, akauliza kama kwangu pia.

Kutoka chumbani kwa Mama ikasikika sauti. Fupi, ya puani. Nikakimbia kumwuliza kama ana mafua. Akasema hana.

Kisha akatoka! Kwa miguu yake, bila kuitwa. Akalishika shuka, akalitazama, akanitazama. Akasema shuka halikamuliwi hivi, hili limenyongwa tu, na nani kanifundisha. Akaanza kukunja mikono ya gauni. Nikamwomba tafadhali arudi akapumzike, nina kazi nyingi sana ya kumfurahisha. Akasimama kidogo. Akarudi chumbani. Mke wangu akaniita mpumbavu, bila sababu.

Jumamosi, 11 Mei

Kufa na kupona.

Sebuleni kwetu kuna tundu moja la umeme na kipanuzi cha plagi tatu. Feni, pasi, na taa ya mezani ya kuwa jua. Kulikuwa na waya mweupe umechomekwa, nikauchomoa. Karai la maji baridi chini. Sabuni iliyokwanguliwa kwenye kisahani. Shuka, lililolowa tepetepe, begani kwangu.

Saa kumi kamili Dada akabisha hodi, mkoba kwapani, kiatu cha kazini. Akaona kamba, karai, feni. Akauliza kama tunahama. Nikamwonyesha kiti. Mama akakubali ndoo yake usoni, na mikono ile ikalala mapajani.

Nikaanza. Feni. Nikaipitisha sabuni puani pake. Nikasogeza taa hadi shavu la kushoto, maana asubuhi ndiko jua lilikokuwa likitokea uani. Nikatia vidole vyake majini. Pasi juu ya kitambaa kibichi, ikalia tsss. Nikawa namsimulia kila ninachokumbuka: kamba ya kwanza mashuka ya hospitali, ya pili ya nyumba ya wageni, na mimi huku chini ya meza, Mama, nimelala. Nikakohoa.

Mama akasema kamba ya pili ilikuwa ya hospitali.

Akaendelea! Hospitali ilikuwa ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kivuli cha ukuta. Vibanio visibanwe katikati. Mtoto asilale karibu na makaa. Mikono ikaingia karaini yenyewe, ikaanza kusugua hewa, ikatafuta nguo. Nikampa ncha ya shuka. Akasugua. Feni ikalipeperusha shuka likampiga usoni, akashtuka, akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sijakisikia tangu ua uuzwe. Halafu akapaza sauti: anueni, mvua hiyo, anueni haraka!

Na Dada, mwalimu mkuu, mkoba bado kwapani, akaruka kutoka kitini. Sidhani kama alijijua. Akashika ncha mbili, mimi nikashika mbili. Tukavuta, tukakung'uta, tukakunja, tukaendeana ncha kwa ncha mpaka mikono ikakutana, kama tulivyofanya kila jioni tulipokuwa wadogo. Hatujakunja shuka pamoja tangu aolewe. Vidole vyake vina chaki. Macho yalimjaa machozi, akasema ni hii sabuni.

Mama akavua miwani. Uso umelowa, nywele zimesimama kwa feni, anang'aa. Dada akamwuliza kwa upole kama yuko tayari waende.

Nikaacha kupumua. Kweli, niliacha.

Mama akasema, kwako mwanangu kuna mashine, inafua yenyewe, haina haja na mtu. Huku kuna mwanamume mzima wa miaka thelathini na minane hajui kukamua shuka. Hawezi, kasema, kumwacha duniani hivyo. Kwa Dada atakwenda likizo za shule, wanafunzi wakiwa hawapo kumsumbua. Dada akapangusa macho, akasema nimshinde kwa mengine lakini si kwa kukunja, ncha zangu hazikulingana.

Kisha Mama akaingia chumbani. Tukaisikia zipu. Mimi, Dada na mke wangu tukaisikiliza mpaka mwisho wake. Juu kabisa ya begi ilikuwa kamba iliyokunjwa vizuri, na kopo la vibanio.

Nimeshinda! Ushindi wa teknolojia!

Jumapili, 12 Mei

Dalali kaja kuchukua miwani. Nikambonyezea kitufe kwa fahari. Kimya. Nikabonyeza tena. Dalali akanitazama, akasema mganga hajigangi.

Ule waya mweupe! Ulikuwa wa chaji. Na Ijumaa nilikuwa nimeimaliza yote kulinganisha upepo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaambia watu wachaji!

Nikamwendea Mama. Alikuwa kwenye roshani na mke wangu, wanafunga kamba. Nikamwuliza jana aliona nini hasa. Akasema giza. Giza totoro mwanzo hadi mwisho, akadhani safari hii ndivyo inavyotakiwa, ile ndoo, imsaidie kufumba macho. Nikamwuliza, ua je? Akasema aliuona wote, kuliko Jumatano. Aliona hadi unyayo wangu ukichungulia chini ya meza. Harufu ya lehemu mikononi mwangu ilimwambia muda wote ni mimi niliye karibu, akasema, na kukaa nami saa nzima hivyo hajakupata tangu nianze kazi.

Akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa baridi, una povu. Nilitamani usiondoke.

Mke wangu aliweka kibanio chini. Alinitazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama kidogo, kama anayemsubiri mtoto amalizie hesabu rahisi.

Nami nikaelewa. Nikaelewa yote mara moja, hapo hapo kwenye roshani! Kama kifaa hiki kimefanya makubwa haya kikiwa kimezimika, je, kikiwashwa?

Jumatatu, 13 Mei

Nimeagiza miwani mipya, yangu mwenyewe, ya betri mbili. Mchoro wa fremu ya kukizunguka kiti cha Mama umekamilika pia: feni inajiwasha, mota inavuta shuka, mrija unarusha maji, kikombe cha sabuni kinajifunua kila dakika nne. Kinyozi nimemshauri aache mwavuli wake wazi.

Mama kapita dukani kwangu leo, kashuka ngazi zote zile, kuniomba nirudi nyumbani mapema, kama saa kumi, anifundishe kukamua. Nikamweleza kwamba sina nafasi hata kidogo wiki hii, niko kwenye fremu. Avumilie tu. Ikishakamilika, hatanihitaji kabisa.