Nimetembea, na Sasa Wote Wanajua

Leo nimeumbuka. Acheni niungame mwenyewe kabla wifi yangu hajawafikia: mimi hutembea. Siendi dukani, siendi kwa mgonjwa, siendi kanisani. Natembea tu, kwa raha zangu, halafu narudi nyumbani. Nimelikanusha jambo hili miaka mingi, hata mbele ya daktari. (Alinisifu mapafu akaniuliza siri yake. Nikamwambia ni maharage.)

Nyinyi ndugu zangu mlioko Nairobi na Ubelgiji mtauliza aibu iko wapi. Iko hapa Bujumbura. Tangu vita vianze, mtu akionekana njiani ama ana pa kwenda, ama anakimbia. Mwanamke asiye na pa kwenda ni mpelelezi, au ana mwanaume. (Kwa umri wangu upelelezi ungenifaa zaidi, lakini majirani zangu wa Ngagara bado wana imani nami.)

Basi natembea kwa siri. Nikitaka kunyamaza naenda ufukweni, maana ziwa ni pana na hakuna askari aliyeweka kizuizi juu ya maji. Nikiwa na hasira napanda Kiriri. Ukifika juu unahema mpaka hasira yenyewe inakosa pumzi, na mji ukiutazama kutoka kule unaonekana kama mahali ambapo watu wanaelewana. Nikiwa mpweke napita Buyenzi, mafundi wanagonga mabati, kila mtu ananisalimia. Risasi zikisikika upande mmoja, nageukia upande mwingine.

Shida yangu ni wifi, Espe, dada wa mume wangu. Tunaishi naye. Mume yuko kazini Gitega, na barabara ya huko haipitiki ila kwa msafara wa magari unaolindwa na askari, kwa hiyo habari za nyumbani anazipata kwa simu ya Espe. Hivi karibuni Espe amemweleza kwamba mkewe hutoka asubuhi amependeza na kurudi amelowa jasho. Mume hajaniuliza neno. Afadhali angeuliza.

Ndipo nikabuni kikapu. Kwetu mwanamke aliyebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe anakwenda kwa watu, hahojiwi. Hata askari wa kizuizini hunipungia mkono. Nilijiona mwerevu sana. (Nimesoma chuo kikuu, mnajua.)

Asubuhi ya leo nimetoka nacho. Hata kona sijafika, Bi Zaina, jirani yetu muuza vitenge, akaniita.

"Mama Aline! Unaenda guhemba?"

Guhemba ni kumpelekea mwanamke aliyejifungua chakula na zawadi za mtoto. Nikaona jibu hilo ni zuri kuliko yote niliyowahi kubuni.

"Ndiyo."

"Kwa nani?"

Nilihitaji mtu anayeishi mbali. Nikamkumbuka Godeliva, mwenzangu wa kazini, ambaye alikuwa amechukua likizo ya uzazi. Nikakadiria kwamba lazima ameshajifungua. (Sikukadiria. Nilitumaini.)

"Kwa Godeliva, kule Mutakura."

"Na unaenda we peke yako kama mwizi? Ngoja!"

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa hapa analijua: hakuna anayekwenda guhemba peke yake. Bi Zaina akatoka na kitenge kipya. Akawaita wanawake wawili wa ng'ambo ya barabara, nao wakaja na ndizi. Halafu mlango wangu mwenyewe ukafunguka, Espe huyo, na sufuria la uji kichwani.

"Wifi, mi pia nakuja," akasema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kukamata.

Njia nzima waliimba. Mimi niliomba. Bwana, Godeliva awe amejifungua. Wa kike, wa kiume, hata mapacha. Tulipofika kizuizini askari akatuuliza tunakwenda wapi.

"Mutoto amezaliwa!" akajibu Bi Zaina. Askari akatupongeza sote. Nikamshukuru.

Tulifika Mutakura kwa vigelegele. Godeliva akatufungulia mlango mwenyewe. Tumbo lilitangulia.

Vigelegele vikakatika. Kwetu mtoto ambaye hajazaliwa haletewi kitu. Ni kumwitia balaa. Mama mkwe wa Godeliva akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani amewaambia amezaa?"

Wote wakanitazama mimi.

"Mumekuja kumuroga mujukuu wangu?"

"Apana, mama! Sisi tumeletwa," akasema Bi Zaina, huku akikificha kitenge chini ya ushungi.

Nikaona nijitetee. Nikasema kikapu changu hakina zawadi hata moja, kwa hiyo balaa halijaingia. Ilikuwa kweli. Lakini Espe akataka uthibitisho, akavuta kitambaa.

Ndani: raba kubwa za kiume, soksi, na chupa ya maji.

Bi Zaina akazipima kwa macho. "Wallahi, huyu mutoto atakuwa na mguu!"

Godeliva akacheka mpaka akashika ukuta. Mama mkwe wake akadhani ni uchungu umeanza, akakimbilia maji ya moto. Espe peke yake hakucheka.

"Raba za mwanaume gani hizi?"

"Za kaka yako. Nazivaa nikiwa ufukweni. Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Siendi popote."

"We! Mutu muzima, na vita hivi, anatembea asiende popote?"

Wanawake wote wakatikisa vichwa. Ukweli nilioufungia miaka yote nimeutoa mbele za watu, na hakuna hata mmoja aliyeutaka. Hata Godeliva alinitazama kwa huruma, kama anayesema: dada, tafuta uongo mwingine.

"Kaka yangu hana raba," akasema Espe. "Kaka yangu ni mutu wa biro, wa kukaa mu ofisi."

Akatoa simu yake ya mkononi akapiga Gitega pale pale mlangoni. Mume wangu akishika simu huongea kana kwamba anamwita mtu aliye Congo, kwa hiyo tulisikia sote.

"Kaka, we uko na raba?"

Mama mkwe amesimama na birika lake. Mimi nimesimama na ndoa yangu.

"Raba nyeupe?" ikauliza sauti. "Zenye mustari wa bluu?"

"Ndiyo! Nimezikuta mu kikapu ya bibi yako!"

"Loo! Nimezitafuta mpaka nikachoka! Mwambie azitume na musafara wa kesho. Huku kuna vilima vizuri ajabu, na mi navipanda kila jioni na viatu vya biro. Hawa wenzangu nawaambia naenda kusali. Lakini Espe, dada yangu, hii ibaki kati yetu wawili."