Kibuyu cha Siongiroi Kinangoja Fatwa

Kaplong,
Agosti 1996.

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Maswali ya Dini,

Asalamu alaikum. Natumaini afya yako ni nzuri kuliko subira yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mkipsigis na Mwislamu, na nyumbani kwangu hakuna jambo la dini linalopita bila kuulizwa limetoka wapi. Mwanangu Yusufu anataka kumwoa Chelimo, binti wa Mzee Kiptanui wa Siongiroi. Mwezi uliopita tulikwenda kuposa. Mama wa binti akatuletea kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yanayolazwa pamoja na masizi ya mti mpaka yachachuke. Nikakataa, kwa kuwa ni haramu. Mzee Kiptanui akakifunga kibuyu, akasema, "Chepyegon, anayekataa kibuyu changu amekataa binti yangu. Rudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao ukiwa na kiu, ama usirudi." Tangu siku hiyo Yusufu hali mezani kwangu.

Niliazimia kutafuta hukumu ya kuaminika, yenye maandishi, ya kumwonyesha mzee huyo. Yaliyonipata ni haya:

1. Nilianza kwa imamu wa mjini Kericho, niliyemkuta kwa fundi viatu. Aliniuliza kama mursik inalevya. Nikamjibu kwamba hailevyi. Akasema, "Basi kunywa, mzee, uoze kijana." Ndugu Mhariri, elimu ya karne kumi na nne yaweza kutoka kwa mtu aliyesimama kwa mguu mmoja akingoja kiatu chake kishonwe? Hakufungua kitabu hata kimoja. Sikumkubali.

2. Nilinunua kanda ya mawaidha sokoni. Upande wa kwanza shehe alikemea video. Upande wa pili ilikuwa kwaya ya kanisa, tena yenye sauti nzuri, jambo lililoniudhi zaidi. Nilipoirudisha, muuzaji alinicheka: "Mwalimu, kwani hiyo ingine si ya Mungu?"

3. Nilikuandikia wewe. Barua ya kwanza ulinyamaza. Ya pili ukaijibu gazetini kwa jina langu, lakini jibu lenyewe lilihusu talaka iliyotumwa kwa faksi. Sina faksi. Mke wangu Chepkurui, aliyelifungua gazeti kabla yangu, bado ananihoji.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, utume Kaplong wanazuoni watatu kabla ya Jumamosi hiyo. Wa kwanza anywe bakuli zima la mursik. Wa pili amtazame kama atapepesuka. Wa tatu amtazame wa pili, kwa sababu harufu ya mursik ni kali na mashahidi wa siku hizi ni dhaifu. Waje na vitabu, na kila kauli itajwe imepokewa kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani, mpaka mwanzo wake. Mtu anayeshika hukumu asiyojua chanzo chake ni kama ng'ombe anayefuata mkia wa mwenzake mpaka akajikuta ndani ya josho.

Wasipofika, mwanangu atakosa mke, nami nitamtajia kila mtu ukurasa uliomkosesha.

Nisalimie wote ofisini, wapiga chapa na wafagiaji, hata yule bwana wa faksi.

Ni mimi, msomaji wako asiyejibiwa,
Mwalimu Idrisa Chepyegon.

Nyongeza: Chepkurui ameisoma barua hii, akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba mursik ni haramu. Nimeifuata kauli hiyo mpaka mwanzo wake, kama nilivyokuagiza wewe. Niliipokea kwa jirani yangu Arasa. Arasa aliipokea kwa mama mkwe wake, Bochaberi. Bochaberi aliipokea kwa tumbo lake, lililomuuma siku moja. Wote wawili ni Wasabato. Nilimwamini Arasa kwa sababu hali nguruwe, wala hanywi hata chai anayoichuma mwenyewe. Usitume wanazuoni. Jumamosi sitakunywa chai ya asubuhi, maana niliambiwa nirudi Siongiroi nikiwa na kiu.