Namna Mama Barwaqo wa Kiwanjani Alivyopata Mhudumu

Umma wote wa Isiolo unajulishwa, kwa furaha ambayo ofisi yetu imeshindwa kuizuia, kwamba shida za uzee zitakomeshwa rasmi Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi, mara tu baada ya chai.

Ndivyo nilivyoandika kwenye tangazo, na sijutii hata koma moja. Mimi ni Gikonyo, Naibu Mratibu Msaidizi katika Ofisi ya Huduma ya Wazee Majumbani. Ofisi yetu ilizaliwa miaka michache baada ya ugatuzi, wakati huduma ziliposogezwa karibu na mwananchi. Yetu ilisogea mpaka ghorofa ya pili ya jengo moja nyuma ya soko, ikachoka, ikakaa hapo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuelewa. Mzee asiye na uwezo wala mtu wa kumwangalia anapewa mhudumu wa kumpikia, kumchotea maji, kumfulia na kumshika mkono akienda msalani. Bure. Neno "bure" lilipigiwa mistari miwili na Mkurugenzi wetu, Bwana Kiugu, kwa kalamu yake ya kijani.

Kabla ya kumhudumia mtu yeyote, tulikaa semina ya siku tano tukifafanua neno "nyumbani". Si neno la kuchezea. Wazee wa Korbesa walikuwa wameuliza kama nyumba inayobebwa na ngamia inahesabiwa. Baada ya mjadala mzito na mbuzi wawili wa kuchoma, tuliamua inahesabiwa, mradi mwenye nyumba aijulishe ofisi kwa maandishi siku ishirini na moja kabla ya mvua kukosa kunyesha. Tulipigiana makofi. Bwana Kiugu alifuta jasho, akasema hajawahi kufanya kazi ngumu hivyo.

Mwombaji wa kwanza kufika alikuwa Mama Barwaqo wa Kiwanjani, mwenye miaka themanini na miwili. Baba yake alikuwa askari Msomali aliyempigania Mwingereza vitani, kisha akaja kutulia Isiolo. Mumewe, dereva wa malori ya Moyale, alishafariki. Binti yake wa pekee ameolewa Mandera. Mama Barwaqo aliletwa kwa mkokoteni na jirani yake Waithera, mama muuza mboga. Kwenye ngazi, Waithera na bawabu wetu Dima walimketisha kwenye kiti na kumbeba ghorofa zote mbili, wakapumzika mara nne.

"Salaam aleikum," alisema, akiwa bado kwenye kile kiti.

"Aleikum salaam, mama. Karibu. Shida ni gani?"

"Miguu imekataa kazi."

Nilichukua fomu. "Umefika ofisini wewe mwenyewe?"

"Si uniangalie? Niko hapa."

Nikaandika: *Amefika.* "Basi pole sana, mama. Mwongozo unasema anayeweza kufika ghorofa ya pili anajiweza."

Waithera alikuwa ameegemea ukuta, anahema. "Ati anajiweza? Wewe si umeona tumembeba? Huyu Dima hata hawezi kunyooka!"

Kweli Dima alikuwa ameinama vile vile, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Fomu haiulizi amefikaje," nilimweleza kwa upole. "Inauliza kama amefika."

"Na kama hangekuja?"

"Tungeandika kwamba hakufika. Asiyefika hasajiliwi."

Mama Barwaqo alinitazama kwa muda, vile mtu humtazama mbuzi aliyemkuta amesimama juu ya meza. "Waryaa," aliniita kwa Kisomali, taratibu. "Hii maneno mliandika mkiwa mmekula?"

"Tulikuwa tumekula, mama."

"Ndiyo sababu."

Hapo Waithera alishusha sauti. "Wiki jana alianguka bafuni asubuhi. Mimi niko sokoni, sijui. Amekaa pale chini kwa saruji mpaka nikafunga biashara. Siku nzima, bwana wa ofisi. Anaomba Mungu tu. Mimi kumpelekea chakula naweza, lakini siwezi kuwa kwa kibanda na kwake. Siku ingine nitakuta nini?"

Sikuwa na mahali pa kuandika hayo. Niligeuza fomu nyuma na mbele, hapakuwa na nafasi. Nikawaambia kuna kifungu cha tisa, Tathmini ya Uhalisia: afisa anakaa nyumbani kwa mwombaji siku tatu akiandika anachoshindwa kufanya. Ila haruhusiwi kumsaidia hata kidogo. Msaada huharibu takwimu.

Jumatano nilifika Kiwanjani na kiti changu, nikakiweka karibu na mlango. Nyumba ilikuwa chumba kimoja chenye pazia, jiko la makaa na mtungi mtupu wa lita ishirini. Mama Barwaqo alijaribu kuinuka kwenda bombani. Alishika ukuta. Akaketi. Nikaandika: *Maji: ameshindwa.* Akajaribu kuinamia jiko. Nikaandika: *Moto: ameshindwa.* Tathmini ilikuwa inaendelea vizuri sana.

Halafu akaanza kulia. Si kwa sauti. Alijifunika uso na mtandio, mabega yakawa yanaruka.

"Mama, unaumwa?"

"Mgeni amekaa kwangu kutoka asubuhi," alisema, "na sijampa hata chai. Baba yangu angeniona, angesema nini?"

Nilichungulia mwongozo. Mwongozo ulikataza kumsaidia mzee, lakini haukusema popote kwamba afisa asijipikie chai yake mwenyewe. Basi nilikwenda bombani kuhakiki uzito wa mtungi uliojaa, nikauhakiki mpaka nyumbani, nikawasha jiko. Taarifa yangu ya siku ile inasema: *Afisa alijitengenezea chai ya maziwa. Ilitokea ziada ya kikombe kimoja, na kwa kuzuia uharibifu kikakabidhiwa mwombaji.*

"Sukari kidogo," mwombaji alisema.

Alhamisi ziada iliongezeka. Nilipika wali wa kutathmini sufuria, nikafagia ili niione sakafu vizuri. Ijumaa Mama Barwaqo aliniambia, akiangalia pembeni, kwamba nywele zake hazijaoshwa tangu Idi. Nilichemsha maji kupima muda wa kuchemka. Waithera alifunga kibanda saa nzima, akaingia naye nyuma ya pazia. Mimi niliketi nje na daftari, nikasikia maji yakimwagika na wanawake wawili wakicheka mpaka wakakosa pumzi. Alitoka amepaka mafuta, mtandio safi, uso kama wa bibi harusi. Niliandika: *Nywele: zipo.*

Jumatatu Bwana Kiugu aliisoma taarifa mezani kwake. Uso ulimng'aa.

"Gikonyo, hii ni kazi nzuri. Nyumba safi?"

"Safi, bosi."

"Chai ipo, wali upo, nywele zimeoshwa. Huyu mzee anaishi vizuri kuliko sisi!" Akachukua kalamu ya kijani. *Anajiweza. Ombi limekataliwa.*

Nilifungua mdomo. Nikakumbuka adhabu ya afisa anayeharibu takwimu, ambayo niliiandika mimi mwenyewe siku ya nne ya semina. Nikaufunga. Jioni ile nilipita njia ya mbali kwenda nyumbani ili nisikutane na Waithera, na nikakutana naye. Hakunitukana. Aliniuzia sukuma wiki, akanifungia kwenye gazeti, akasema tu, "Ayeyo alikuuliza kama utarudi." Ayeyo ni bibi kwa Kisomali; ndivyo alivyomwita Mama Barwaqo.

Mambo yangeishia hapo, lakini wafadhili wetu walimtuma Madam Wakonyo kutoka Nairobi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu bapa na swali moja tu.

"Mna wazee wangapi wenye wahudumu?"

Bwana Kiugu alitabasamu. "Madam, maombi ni mia nne na kumi na mawili."

"Wenye wahudumu?"

Jibu la kitaalamu lilikuwa sifuri. Waombaji waliofika walikuwa wanajiweza, na wengine hawakufika. Wahudumu wenyewe hatukuwa tumeajiri, kwa kuwa hapakuwa na mzee wa kumhudumia. Mfumo ulikuwa umefunga vizuri pande zote.

"Tuna... mmoja wa mfano," Bwana Kiugu alisema. "Kiwanjani. Gikonyo atatutangulia akaangalie kama mzee ameamka."

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia nikiwa na tai. Nilimkuta Mama Barwaqo kitandani, nikamweleza yote huku nahema: Bwana Kiugu, aliyelikataa ombi lake kwa kalamu ya kijani, amepata mgeni, tusipoonyesha mzee ofisi itafungwa, tafadhali.

"Mimi si mlisema najiweza?"

"Tulisema, mama. Tulikosea. Mimi ndiye nilikosea."

Alifikiri. "Na huyo mkubwa wenu, mwenye kalamu. Anakuja mwenyewe?"

"Anakuja."

"Haye. Niinue, nikae vizuri."

Waliingia. Madam Wakonyo alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka, akamshika Mama Barwaqo mkono. "Shikamoo, mama. Na mhudumu wako yuko wapi?"

Bwana Kiugu alikuwa ameshaninyooshea kidole. Lakini mama alikuwa mwepesi zaidi.

"Si huyu hapa?" Alimshika Bwana Kiugu shati. "Kiugu wangu! Asubuhi mapema yuko hapa. Anachota maji, anapika, ananiomba radhi akichelewa. Mkubwa wa ofisi, na hana maringo hata kidogo!"

Nje jogoo aliwika, saa saba mchana.

"Mkurugenzi mwenyewe?" Madam Wakonyo aliuliza. Akanigeukia mimi. "Ni kweli?"

Bwana Kiugu alinitazama. Mama Barwaqo pia alinitazama. Nilikuwa nimenyamaza mara moja mbele ya meza ya bosi, na nilikuwa bado naisikia ladha yake.

"Ni kweli, Madam," nikasema. "Tena anatukataza kusema."

Macho ya Madam Wakonyo yalijaa machozi. Alisema ameona wakurugenzi wengi, wa kukata utepe na wa kupanda miti isiyoota, lakini huyu ni wa kwanza wa kupika. Akaomba aone. Bwana Kiugu akasema leo si siku ya kupika. Mama Barwaqo akasema, "Waryaa, Kiugu, usione haya, mgeni ana njaa." Na kwa hiyo Mkurugenzi wa Huduma ya Wazee Majumbani alichuchumaa na suti yake mbele ya jiko, akamwaga uji wa anjera, chapati laini za Kisomali, kwenye kikaango. Ya kwanza ilitoka na umbo la ramani ya kata. Ya pili ilishika moto. Ya tatu Madam Wakonyo aliila yote, kwa heshima, akitafuna polepole.

Bwana Kiugu angeweza kusema ukweli. Lakini angesema nini? Kwamba hana mhudumu hata mmoja? Aliinua mtungi, akapigwa picha.

Wiki iliyofuata barua ilikuja. Wafadhili walikuwa wameguswa. Afisa wao angekaa Isiolo miezi sita, apite Kiwanjani asubuhi yoyote bila taarifa, ajifunze kutoka kwa Mkurugenzi. Na kwa kuwa mhudumiwa ndiye anayejua kazi, fomu ya utendaji ya Bwana Kiugu ingejazwa na Mama Barwaqo.

Tangu hapo Bwana Kiugu huonekana bombani saa kumi na mbili unusu, amekunja suruali, kwenye foleni na akina mama. Siku ya tatu alishika kiuno. Siku ya tano alinipigia simu.

"Gikonyo, hii mtungi ina lita ngapi?"

"Ishirini, bosi."

"Hapana. Pima tena."

Siku ya tisa aliita mkutano wa dharura, akiwa na majivu kwenye nyusi. Fomu zetu nane zikawa moja, yenye maswali mawili: unaitwa nani, unakaa wapi. Kifungu cha tisa kikafutwa. Ofisi ikashuka chini kabisa, karibu na mlango. Tukaajiri wahudumu ishirini na sita kwa siku nne, tukawatuma Kiwanjani, Merti, mpaka Rapsu. Nilisikia kwamba bibi mmoja wa Rapsu alipomwona mhudumu wake alifikiri ni mwizi, akampiga kwa mwiko, kisha akampa kazi. Sitasema Bwana Kiugu alifanya haya kwa huruma. Alitaka mtu yeyote, haraka, achukue nafasi yake.

Mtu huyo alikuwepo. Anaitwa Ardo, msichana hodari aliyesomea kazi hiyo. Nilimpeleka mwenyewe kwa Mama Barwaqo. Alimpokea vizuri, akamwonyesha kitanda, akamkubali kwa usiku, kwa bafuni na kwa nywele.

"Basi Mkurugenzi anaweza kupumzika sasa?" nikauliza.

"Kwa nini? Ameanza kujua kazi."

Mwezi wa sita Bwana Kiugu alialikwa mjini Nairobi kupewa tuzo ya unyenyekevu, mbele ya watu mia tatu na kamera. Alinunua suti mpya. Afisa wa wafadhili akamkumbusha kwamba, kwa utaratibu, mhudumu haondoki kituoni bila ruhusa ya mhudumiwa. Basi aliandika barua, akapiga muhuri, akampelekea Mama Barwaqo kwa mikono miwili. Waithera aliisoma kwa sauti kibandani, wateja wakisikiliza, na Mama Barwaqo, aliyeletwa na Ardo kwa mkokoteni, akiwa ameketi juani kwenye kiti, mguu mmoja juu ya gunia la viazi.

"Anataka kwenda lini?"

"Alhamisi, Ayeyo."

"Alhamisi tunatoa godoro nje. Ardo peke yake hawezi."

Bwana Kiugu alisogea karibu. "Mama, ni siku moja tu. Ni tuzo."

Alimtazama kwa huruma ya kweli, akampapasa mkono. "Naelewa, mwanangu. Ni ya nini hiyo tuzo?"

"Ya... ya unyenyekevu, mama."

"Basi mnyenyekevu hawezi kukosa kuelewa," alisema Mama Barwaqo, na akamrudishia barua yake. "Gikonyo ataenda akuchukulie. Wewe shika godoro upande wa kichwa, ndio mzito."