Picha Pana ya Ukweni

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe anataka picha moja ya familia nzima, itundikwe sebuleni. Miaka mitatu nimeoa pale, ukutani sijatundikwa hata mguu! Mwanyumba, mume wa dada mkubwa wa mke wangu, yuko kila kona. Safari hii lazima niwemo. Nikajitolea kupiga mwenyewe, picha pana, ile ya kuzungusha simu toka kushoto hadi kulia. Wakapiga makofi. Nimefika nyumbani ndipo nikajiuliza: nikizungusha simu, mimi nitasimama wapi?

Ijumaa, 7 Machi
Feni ya kusimama! Nimeing'oa mapanga, nimeifunga simu kichwani pake kwa mpira. Inageuka yenyewe, taratibu. Mke wangu kauliza tutalalaje na joto hili. Sisi wataalamu hatueleweki.
Shida nyingine. Mama mkwe kaagiza wakwe zake wa kiume tusimame mwisho wa kushoto. Mke wangu kasema nisiposimama naye mwisho wa kulia, nitafute pa kulala. Wote nimewaambia sawa.

Jumamosi, 8 Machi
Leo ndiyo picha. Nikasimama kushoto, nikatabasamu. Simu iliponipita tu, nikachomoka nyuma ya mstari, mbio hadi kulia! Kiatu kikabaki njiani. Mwanyumba akageuza shingo kuona kulikoni.
Sasa naitazama picha, sielewi. Kushoto nipo, nadhifu. Kulia nipo tena, mdomo wazi, kiatu mguu mmoja. Mwanyumba ana shingo ya twiga na pua mbili. Nyumba imepinda kama ndizi! Katikati mama mkwe katoka malkia. Akauliza kwa upole nani kampindia nyumba. Nikasema feni. Wakatazamana. Mwanyumba akasema nipelekwe nikapimwe.

Jumapili, 9 Machi
Imetundikwa! Mama mkwe kaupenda sana uso wake. Ila kabla ya kuitundika alichukua mkasi, akasema mkwe mmoja wa aina yangu anamtosha. Akamkata yule wa kushoto, na mwanyumba akaenda naye. Aliyebaki ni wa kulia, anayehema, kamning'inia mke wangu begani. Mwanyumba kaninunia, hata salamu hapokei. Mke wangu kacheka mpaka machozi.
Mimi nilisimama mbele ya ukuta ule nikajitazama. Nipo! Nilifurahi.
Halafu nikapiga hesabu. Nilikuwa wawili, kakata mmoja. Kwa hiyo mwakani nikitokea mara tatu, nitabaki wawili. Tatizo feni ya kusimama inageuka nusu tu, halafu inarudi. Kesho naifunga simu kwenye ile ya dari, sebuleni kwetu.