Mpira Ukimgonga Mwamuzi

Chama cha soka kilitangaza rasmi kwamba zama za waamuzi wa kubahatisha zimekwisha. Kuanzia msimu huo hakuna ambaye angeshika filimbi bila kufaulu Mtihani wa Tathmini ya Umahiri, uliotungwa na Katibu mwenyewe baada ya kujifungia hotelini siku tisa akitafakari.

Mama Filimbi, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amechezesha mechi kwa miaka kumi na minane, na sasa alikuwa amepangiwa fainali yake ya kwanza, Jumamosi. Alikaa kwenye dawati na waamuzi wenzake thelathini, akafungua karatasi.

Swali la kwanza: "Mpira ukimgonga mwamuzi akaingia golini, je, ni goli?"

Alilisoma mara tatu, akanyoosha mkono.

"Samahani, mheshimiwa. Aliyeingia golini ni mwamuzi au mpira?"

"Soma swali, mama," alisema Katibu.

"Nimelisoma. Lilivyoandikwa, ni mwamuzi."

"Basi kusoma unajua. Jibu."

Swali la pili liliuliza kama mchezaji aliyeotea bila kuotea aadhibiwe kabla au baada ya kutoadhibiwa. La tisa lilikuwa na majibu manne ya kuchagua, yote yameandikwa (b). Mama Filimbi alitoka jasho kama aliyekimbia dakika mia na ishirini.

Walifeli wote. Chama kilisifu matokeo kuwa ya kihistoria, kikampongeza mtunzi kwa kuibua tatizo lililokuwa limejificha. Mama Filimbi alifunga cherehani yake, akaenda ofisini.

"Mheshimiwa, hata swali moja sikupata?"

Katibu alipekua karatasi. "La tisa ulikaribia. Ila ulichagua (b) isiyo sahihi."

Alimnyang'anya barua ya kumpangia fainali. Mama Filimbi alirudi nyumbani kwa miguu, na mumewe alipomuuliza kulikoni, alisema tu kwamba Jumamosi atakuwa na nafasi.

Ijumaa kamati ilikumbuka kwamba fainali lazima ichezeshwe na mtu aliyefaulu. Aliyefaulu alikuwa mmoja: Katibu, aliyejaza karatasi ya mfano na kujipa mia kwa mia.

Kwa hiyo Jumamosi Katibu aliingia uwanjani na jezi nyeusi iliyombana kitambi. Dakika ya nane alikuwa hoi. Dakika ya kumi na moja kipa alidaka mpira ndani ya boksi lake, na Katibu akapuliza penalti kwa kushika. Timu zote mbili zilimzingira. Alijichomoa, akakimbilia ukingoni alikokaa Mama Filimbi.

"Dada yangu, nishikie filimbi."

"Siwezi, mheshimiwa. Nimefeli."

"Nimekufaulisha. Sasa hivi."

"Kwa maandishi?"

Wachezaji walikuwa wanakuja. Katibu aliomba kalamu.

"Na wenzangu thelathini," alisema Mama Filimbi. "Taratibu tu, mwandiko usomeke."

Katibu aliandika majina yote akiwa amepiga goti, akatia sahihi. Mama Filimbi aliikunja karatasi, akaifuta filimbi kwa kitambaa, akaingia kati. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kumtoa nje mtazamaji mmoja mwenye kitambi, aliyekuwa anahema ndani ya mstari bila kibali.