Hawah Hatoki Oli

Jumatatu, 3 Juni 1974
Barua kutoka Koboko. Shemeji yangu Sulaiti atakuja Alhamisi kumchukua mke wangu, Hawah, akajifungulie kwa mama yake. Mimba ya kwanza, ndiyo desturi. Atarudi baada ya arobaini. Arobaini! Na ugali wangu nitasongewa na nani? Tena mtoto ni wangu, nataka azaliwe kwangu, hapa Oli. Nataka nisikie akilia mara ya kwanza. Haendi mtu!

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kwa mkunga Elena kuuliza dalili za wiki za mwisho. Tumbo kushuka, miguu kuvimba, kiungulia, kukojoa kila saa, usingizi kukatika. Wengine hushikwa na wazimu wa kusafisha nyumba. Na kuna uchungu wa uongo, unakuja na kupotea. Wa kweli hauachi, unazidi. Nimeandika yote. Akanisifu kuwa mume mwema. Masikini, hajui.

Alhamisi, 6 Juni
Sulaiti kafika na pikapu. Nikamwahi barabarani, nikamwaga dalili zote: tumbo chini, uchungu umeanza, barabara ile ya mashimo itamzalisha njiani! Akachungulia uani. Hawah anafagia huku akiimba. Nikamnong'oneza kwamba kufagia ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Jamaa akageuza gari bila hata chai. Akili ni mali!

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Sulaiti kafikisha habari, na Mama Kaltumu, mkwe wangu, kashuka asubuhi na mikeka miwili, chungu na kuku. Kamkuta mwenye uchungu anatafuna karanga. Akatandika mkeka wake mlangoni. Hakuniangalia, akaambia ukuta: "Mimi iko hapa mpaka arobaini."
Mkwe hali mbele ya mkwe. Halali alipolala mkwe. Na nyumba yangu ina chumba kimoja.

Jumapili, 9 Juni
Nalala sokoni, kwenye duka langu la ushonaji, juu ya meza ya kukatia nguo. Sahani napitishiwa juu ya ua. Leo Hawah kanicheka mpaka tumbo likakaza kama jiwe. Nikakimbia kwa Elena bila viatu. Akasema huo ndio wa uongo, nirudi nyumbani. Nyumbani wapi?

Jumatano, 19 Juni
Msichana! Kazaliwa alfajiri. Kwangu, naam, lakini mimi nakoroma sokoni. Sulaiti, aliyeleta kuni, kamsikia akilia kabla yangu. Nimepitishiwa mwanangu juu ya ua, kama sahani. Kafungua jicho moja, kaniangalia. Nimelia mbele za watu, na sioni haya.
Sasa arobaini ndiyo kwanza inaanza. Lakini nimeshapata dawa. Leo nimemwandikia mama yangu mzazi, kule kijijini Dranya, aje haraka kulea mjukuu. Bibi wawili katika chumba kimoja? Haiwezekani. Mmoja lazima aondoke.